Kabla ya Hisabati ya Kidato cha Tano, Rudi Kwenye Aljebra

Mtihani wa Kidato cha Nne hufanyika Novemba, matokeo hutoka mwezi wa kwanza au karibu na hapo, na Kidato cha Tano huanza Julai. Katikati kuna miezi saba hivi ambayo mwanafunzi wa Tanzania anakaa nyumbani bila kengele wala mwalimu wa zamu. Wengine husaidia dukani au shambani, wengine hulipiwa masomo ya pre-form five, wengine husubiri tu majina ya waliochaguliwa. Kwa anayeelekea PCM, PGM, EGM au tahasusi nyingine yenye Hisabati ya Juu, miezi hii huamua mengi, na naona wengi huitumia vibaya hata wanapoitumia kwa bidii. Hukimbilia mada mpya, wakati wanachohitaji ni kurudi nyuma.

Tuanze na alama yenyewe. Katika matokeo ya Kidato cha Nne, C huanzia 45 na kuishia 64. Karatasi ya Hisabati, kwa muundo uliotumika miaka ya karibuni, ina maswali 14: kumi ya Sehemu A yenye alama 6 kila moja, na manne ya Sehemu B yenye alama 10 kila moja. Mwanafunzi aliyejiimarisha kwenye takwimu, uwezekano, seti, hesabu za biashara, matriki na mada ya Dunia kama tufe anaweza kukusanya alama zinazotosha C huku aljebra yake ikiwa dhaifu. Hiyo ni C halali, aliyoitolea jasho katika somo ambalo watahiniwa wengi wa nchi hii hulishindwa. Ila cheti hakisemi ni nusu ipi ya somo anayoijua.

Kidato cha Tano kitamuuliza ile nusu nyingine. Mada zake za kawaida, yaani funksheni, jiometria ya kuratibu, trigonometria, mifuatano na kalkulasi, zote huandikwa kwa aljebra. Huwezi kuikwepa kwa kuchagua maswali, kwa sababu iko ndani ya kila swali.

Chukua mfano unaokutana nao mwanzoni kabisa mwa kalkulasi. Unaambiwa utafute mteremko wa grafu ya y = 1/x bila kutumia kanuni ya mkato. Kazi yako ni kutoa 1/x kutoka 1/(x + h), kugawanya kinachopatikana kwa h, kisha kuangalia kinatokea nini h inapokaribia sifuri. Ili utoe sehemu hizo mbili unahitaji asili moja, nayo ni x(x + h). Juu panabaki x − (x + h), yaani −h. Ukigawanya kwa h unapata −1/[x(x + h)]. Sasa h ikikaribia sifuri, jibu ni −1/x². Katika kazi yote hiyo kitu kipya ni hatua ya mwisho tu. Iliyobaki ni kutoa sehemu zenye asili tofauti, jambo ulilolianza shule ya msingi kwa kutafuta KDS na kulirudia sekondari kwa herufi. Mwanafunzi anayekwama pale kwenye asili ataondoka akisema kalkulasi ni ngumu, na kumbe hata hajaifikia.

Kwa hiyo kabla ya kununua kitabu chochote, jipime. Chukua karatasi tupu, weka kikokotoo mbali, funga madaftari, ujipe dakika 40 kwa maswali haya manane. Rahisisha 5 − 2(x − 3). Andika 1/(x − 1) − 1/(x + 1) kama sehemu moja. Tatua x² − 5x − 14 = 0. Andika x² + 6x + 2 katika umbo la (x + a)² + b. Kutoka V = πr²h/3, tafuta r. Kokotoa 8 kwa kipeo cha 2/3. Ondoa kipeuo kwenye asili ya 1/(√3 − 1). Mwisho, tafuta mlinganyo wa mstari unaopita kwenye nukta (1, 2) na (4, 11).

Majibu ni haya kwa mpangilio huohuo: 11 − 2x; 2/(x² − 1); x = 7 au x = −2; (x + 3)² − 7; r = √(3V/πh); 4; (√3 + 1)/2; y = 3x − 1. Usijipe alama kwa jibu tu. Jiulize ulichukua muda gani, na kama ungeweza kumweleza mdogo wako kila hatua. Ukipata yote manane bila kuhangaika, msingi wako uko vizuri na unaweza kuanza kuchungulia mbele. Ukikosa matatu au zaidi, sahau kalkulasi kwa sasa. Hii si aibu wala dalili kwamba hufai PCM. Umepata habari ya thamani kubwa kuhusu wapi pa kuanzia, na umeipata mapema kuliko wenzako watakaoijua Septemba kwenye mtihani wa kwanza wa shule.

Nikae kidogo kwenye lile swali la nne, la kukamilisha mraba, kwa sababu wengi huliruka wakisema kanuni ya milinganyo ya kipeo cha pili inatosha. Kwa Kidato cha Nne mara nyingi inatosha kweli. Kwa Kidato cha Tano haitoshi. Utapewa mlinganyo x² + y² − 6x + 4y − 12 = 0, uambiwe ni duara, utafute kitovu na nusu kipenyo. Mwenye kujua kukamilisha mraba ataandika (x − 3)² + (y + 2)² = 25, aone palepale kwamba kitovu ni (3, −2) na nusu kipenyo ni 5. Mbinu hiyohiyo itamwonesha thamani ndogo kabisa ya funksheni bila kuchora grafu: x² + 6x + 2 haiwezi kushuka chini ya −7, kwa kuwa mraba hauwi hasi. Ataikuta tena kwenye kalkulasi, atakapotafuta eneo chini ya baadhi ya michoro. Mbinu moja ya wiki moja inakulipa kwa miaka miwili.

Yapo makosa machache ambayo karibu kila mwanafunzi huingia nayo Kidato cha Tano, na ni afadhali kuyaacha nyumbani. La kwanza ni kuandika kwamba (a + b)² ni a² + b². La pili ni kukata pasipokatika: mtu anaona (x + 6)/6, anafuta 6 ya juu na ya chini, anabaki na x. La tatu ni alama ya kutoa mbele ya mabano, ambapo 5 − 2(x − 3) inageuka kuwa 5 − 2x − 6. La nne ni kudhani kwamba kipeuo cha jumla ni jumla ya vipeuo. Kanuni ya MAGAZIJUTO uliyoimba shule ya msingi bado inatawala hapa kwa nguvu ileile, isipokuwa sasa ndani ya mabano kuna herufi, na herufi huwafanya watu wasahau kwamba wanashughulika na namba.

Dawa yake ni rahisi: weka namba. Unashuku kwamba (a + b)² si a² + b²? Weka a = 3 na b = 4. Upande mmoja unapata 49, mwingine 25. Unataka kujua kama (x + 6)/6 ni x? Weka x = 6. Kushoto unapata 2, kulia 6. Jaribio hilo huchukua sekunde chache, na mwanafunzi aliyelizoea hujisahihisha mwenyewe bila kumsubiri mwalimu. Jizoeze kulifanya kila unaporahisisha mtajo, hata pale unapokuwa na uhakika. Usiweke 0, 1 wala 2, kwani namba hizo huficha makosa mengi. Kwa x = 2, kwa mfano, 2x na x² zote ni 4, na mtu angeweza kudhani ni kitu kimoja.

Mfano huo wa 2 unatufikisha kwenye badiliko lingine la Kidato cha Tano, ambalo halizungumzwi sana. Namba moja inaweza kuonesha kwamba dai ni la uongo, lakini namba hata elfu haziwezi kuonesha kwamba ni la kweli siku zote. Hadi Kidato cha Nne, maswali mengi huomba jibu: tafuta, kokotoa, tatua. Kidato cha Tano huanza kuomba hoja. Onesha kwamba, thibitisha kwamba. Jibu limekwisha kuandikwa kwenye swali, na wewe unadaiwa njia. Wanafunzi wengi waliofaulu kwa kukariri hatua za kila aina ya swali hujikuta hapa mikono mitupu, kwa kuwa kila uthibitisho una njia yake.

Anza na madai madogo. Chukua namba witiri yoyote, izidishe kwa yenyewe, utoe 1. Utapata namba inayogawanyika kwa 8: kutoka 3 unapata 8, kutoka 5 unapata 24, kutoka 7 unapata 48. Je, itakuwa hivyo daima? Kila namba witiri inaweza kuandikwa 2k + 1, ambapo k ni namba nzima. Mraba wake ni 4k² + 4k + 1. Ukitoa 1 na kutafuta vigawo, unapata 4k(k + 1). Sasa k na k + 1 ni namba zinazofuatana, kwa hiyo lazima moja kati yake iwe shufwa, na zao lake ligawanyike kwa 2. Mara 4, linagawanyika kwa 8. Umemaliza, na umezungumzia namba witiri zote zilizopo, zile ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziandika zikiwemo. Hii ndiyo sehemu ya hisabati ninayoipenda kuliko zote, na nasikitika kwamba wanafunzi wengi huionja wakiwa na miaka 17 au 18, tena kwa haraka.

Fanya uthibitisho mmoja wa namna hiyo kila wiki. Kwa nini jumla ya namba witiri mbili ni shufwa? Kwa nini pembe za ndani za pembetatu hufikia nyuzi 180? Kwa nini mraba wa saini ya pembe ukijumlishwa na mraba wa kosaini yake unapata 1? Hili la mwisho ni Pythagoras wa Kidato cha Pili aliyegawanywa kwa mraba wa haipotenusi, na ukiliona hivyo hutalisahau. Andika kila hoja kwa sentensi kamili za Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya mtihani, na mtahini hawezi kukupa alama kwa wazo lililobaki kichwani. Alama ya = iweke pale tu ambapo vitu viwili vinalingana kweli. Kuna tabia ya kuitumia kama mshale wa kusema "halafu", mtu akaandika (x − 7)(x + 2) = x = 7. Mstari huo unasema jambo lisilo kweli, hata kama mwandishi anajua alichokusudia.

Kuhusu kikokotoo sitasema mengi. Kidato cha Nne ulitumia majedwali ya hisabati, na kikokotoo hakikuruhusiwa kwenye karatasi hiyo. Kidato cha Sita kinaruhusiwa, mradi kiwe kisichopokea programu, na shuleni hufundishwa kama mada. Ukipata chako mapema, jifunze mambo mawili kwanza. Mosi, −3² na (−3)² hazitoi jibu moja: ya kwanza ni −9, ya pili ni 9. Pili, kabla ya swali lolote la trigonometria bonyeza saini ya 30. Ukiona 0.5, kiko kwenye nyuzi. Ukiona −0.988, kiko kwenye radiani. Mtu anayefanya swali zima la nyuzi kikokotoo kikiwa kwenye radiani hupoteza alama ambazo alikuwa anazijua.

Ratiba je? Desemba pumzika, umestahili. Kuanzia Januari tenga saa moja na nusu kwa siku, siku tano kwa wiki, ikiwezekana asubuhi kabla kazi za nyumbani hazijakolea. Miezi mitatu ya kwanza iwe ya aljebra peke yake: sehemu zenye herufi, vipeo na vipeuo, logarithimu, milinganyo, kubadilisha kanuni, kukamilisha mraba. Baadaye ingia kwenye funksheni na grafu zake, mstari mnyoofu, kisha trigonometria, ukijifunza thamani kamili za pembe za nyuzi 30, 45 na 60 kutoka kwenye pembetatu badala ya jedwali. Mei na Juni ndipo uchungulie mada za mwanzo za Kidato cha Tano. Mpangilio wa mada umekuwa ukiguswa na maboresho ya mitaala yaliyofuata Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, kwa hiyo usitegemee daftari la kaka aliyemaliza zamani. Mwombe mwalimu akuoneshe muhtasari unaotumika sasa.

Katika hiyo saa moja na nusu, kusoma mifano iliyofanywa kusizidi nusu saa. Funika mfano, uufanye mwenyewe, ufunue, linganisha. Maswali yachanganye, kwa sababu ukifanya ishirini ya aina moja mfululizo mkono unafanya kazi na kichwa kinalala. Uwe na daftari la makosa: kila ulipokosea andika swali, ulichokiandika, na sababu. Kila Jumamosi rudia maswali hayo bila kuangalia. Wenzako wawili au watatu mnaokaa mtaa mmoja wanatosha kuwa kundi la majadiliano, mradi kila mmoja aje amejaribu, na anayeeleza ubaoni asiwe yuleyule kila siku.

Vifaa visikutishe, vingi havina gharama. Baraza la Mitihani huweka kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, zenye picha za majibu mazuri na mabovu ya wanafunzi halisi. Soma ya Hisabati ya Kidato cha Nne sasa, na ya Hisabati ya Juu ukishafika Kidato cha Tano. Sijui kitu kingine kinachoonesha waziwazi namna hiyo mtahini anatafuta nini, na inashangaza jinsi kinavyosomwa na wachache. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. GeoGebra huchora grafu kwenye simu bila malipo, na Khan Academy ina masomo ya aljebra kuanzia chini kabisa. Asiye na bando la kutosha aende na daftari lake la Kidato cha Pili. Maswali yale aliyoyaruka bado yanamsubiri.

Ukishapata matokeo, dirisha la kubadilisha tahasusi kwenye mfumo wa Selform hufunguliwa kwa muda. Usichague PCM kwa sababu tu ina sifa mtaani, na usiikimbie kwa sababu ya C. Irudie ile karatasi ya maswali manane. Ikiwa miezi miwili ya kazi imekutoa kwenye matatu hadi saba, una ushahidi mzuri kuliko alama ya cheti. Wanaokwenda tahasusi kama PCB au ECA wakidhani wameagana na hisabati wajue kwamba watakutana na BAM (Basic Applied Mathematics), ambayo nayo ina kalkulasi, funksheni na matriki. Ushauri wote wa hapa unawahusu.

Mzazi au mlezi, nawe una sehemu yako hata kama hisabati uliiacha zamani. Kabla hujalipia pre-form five, muulize mwalimu wa kituo: wiki ya kwanza mtafundisha nini? Akijibu kwamba watamaliza nusu ya silabasi ya Kidato cha Tano kufikia Juni, fikiria mara mbili. Akijibu kwamba ataanza kwa kupima kila mtoto aljebra yake, ada yako inakwenda mahali pazuri. Nyumbani, linda ile saa moja na nusu, hasa kwa mtoto wa kike. Mara nyingi akimaliza Kidato cha Nne anageuzwa kuwa msaidizi wa nyumba wa kudumu, kaka yake akaachwa asome. Mpe saa yake na meza yake, na kaka naye aoshe vyombo. Jioni mwombe akueleze swali moja alilofanya siku hiyo. Huhitaji kujua kama ni sahihi. Akianza kujikwaa kwenye maelezo, yeye mwenyewe atajua pa kurudi.

Julai akifunga tranka, aweke mkebe wa hisabati, kikokotoo, karatasi za grafu na lile daftari la makosa. Wiki za kwanza shuleni zitakuwa za kasi, na mitihani ya mwanzo huwaangusha hata waliotoka na A. Alama 30 kwenye jaribio la kwanza isimpeleke kwa mwalimu wa taaluma kuomba kubadilisha tahasusi siku hiyohiyo. Achukue karatasi yake iliyosahihishwa, atenganishe makosa ya mada mpya na makosa ya aljebra, kisha amfuate mwalimu wa somo na swali mahususi: "Mwalimu, nimekwama kuanzia mstari huu." Mwalimu mwenye darasa kubwa hawezi kujibu "sijaelewa", ila mstari mmoja anaweza kuueleza akiwa amesimama mlangoni.